Mbuzi Ni wa Nani? Historia ya Maili za Bure Ambazo Si za Bure

Wasee, leo hakuna video. Hii nimeamua kuiandika kwa sababu nikiisema kwa kamera sauti itanikatika, na mimi silii kwa kamera bila kulipwa.

Stori inaanza Krismasi, ushago kwa shosho. Tumeshiba, simu imeegemezwa kwa chupa ya chai, na Anti yuko kwa video kutoka Texas. Anti anatunza wazee huko, zamu za usiku, miaka kumi na zaidi sasa. Anatuambia binti yake anamaliza chuo mwezi wa tano, na anataka sisi wote tuwe hapo akivaa joho. Sisi wote ni watu saba: shosho, mathe, anko, binamu watatu na mimi.

Mathe akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni. "Na nauli?"

"Msijali nauli," Anti akasema. "Nina maili za kadi."

Ikabidi aeleze. Akinunua petroli anatelezesha kadi ya mkopo, akinunua unga anatelezesha kadi, na kila dola inampa maili. Maili zikifika idadi fulani zinageuka tiketi ya ndege. Alikuwa na 350,000.

Shosho alikuwa anasikiza tu, mikono kwa magoti. Halafu akauliza, "Na hizo maili amezilipa nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni za bure."

Shosho akatikisa kichwa. "Mbuzi ni wa nani?"

Tulicheka hadi chai ikamwagika. Lakini hilo swali lina historia, na ndiyo sababu naandika. Mwaka 1960 shosho alikuwa msichana mdogo. Kijana wa kijiji jirani alikuwa amepata nafasi ya kusoma Marekani, watu wakaitwa kuchanga, na baba yake shosho akauza mbuzi mmoja. Shosho alimpenda huyo mbuzi. Tangu siku hiyo, akisikia mtu anapanda ndege, anauliza mbuzi ni wa nani. Yaani, nani ametoa kitu ndio huyu aende?

Nikaanza kufuatilia. Ndiyo, mimi ndiye yule aliyeacha chuo mwaka wa pili. Lakini kuacha chuo si kuacha kusoma.

Ndege ya kwanza ya kikundi

Ukitaka kujua historia ya Wakenya kwenda ng'ambo kwa kikundi, anza na Tom Mboya.

Mwaka 1959 Kenya bado ilikuwa koloni. Chuo cha Makerere kilikuwa na nafasi chache, na kwenda Uingereza kulihitaji baraka za serikali ya kikoloni. Lakini kulikuwa na vijana waliokuwa wameandikia vyuo vya Marekani wenyewe, wakakubaliwa, wengine wakapewa hadi ufadhili wa karo. Walichokosa ni nauli. Fikiria hiyo: una barua ya chuo mkononi, lakini kati yako na darasa kuna bahari, na hauna tiketi.

Mboya, ambaye hakuwa amefikisha miaka 29, akazunguka Marekani mwaka huo akihutubia vyuo, vyama vya wafanyakazi na makanisa. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Badala ya kununua tiketi moja moja, kodisha ndege nzima uijaze. Shirika lililoitwa African American Students Foundation likaundwa kukusanya pesa. Barua ya kuomba michango ikatiwa sahihi na watu watatu waliokuwa na majina makubwa: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Maelfu ya Wamarekani wa kawaida wakatuma dola zao. Huku nyumbani, familia na majirani nao wakachanga. Hapo ndipo mbuzi wetu anaingia.

Septemba 1959, wanafunzi 81 wakatua New York kwa ndege moja. Mwaka uliofuata orodha ikawa ndefu zaidi na pesa zikawa shida. Serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kusaidia mwanzoni. Julai 1960 Mboya akaenda Hyannis Port kuonana na seneta John F. Kennedy, aliyekuwa anagombea urais dhidi ya Nixon, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Ndege zikaruka tena. Wangari Maathai alienda kwa mpango huo mwaka 1960, akasoma Kansas. Na wale hupenda kusema baba yake Barack Obama alikuwa kwa ndege ya 1959, hapana, yeye alienda Hawaii kivyake. Kufikia 1963, karibu wanafunzi 800 walikuwa wamevuka kwa mpango huo.

Ninachotaka ushike ni hiki. Kila mmoja kati yao angeweza kukuambia mbuzi ni wa nani. Kulikuwa na orodha. Kulikuwa na majina. Ulipanda ndege ukijua deni lako liko wapi, na wengi walirudi kulilipa kwa kazi.

Stempu, sokwe na kompyuta

Maili za Anti zina babu yao pia, na babu huyo si ndege. Ni duka.

Mwaka 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza kuuzia maduka ya Marekani stempu ndogo za kijani. Ukinunua sukari, mwenye duka anakupa stempu. Unazibandika kwa kitabu, kitabu kikijaa unaenda kuchukua taa, blanketi au sufuria. Duka lilizilipia hizo stempu, na gharama ikarudi polepole kwa bei ya sukari. Watu walizipenda vibaya sana. Katika mji wa Erie, Pennsylvania, watoto wa shule waliunganisha mamilioni ya stempu wakanunua sokwe wa hifadhi ya wanyama ya mji wao. Hiyo ni harambee kabisa, ila ya stempu.

Sasa ruka hadi 1978. Kabla ya hapo, serikali ya Marekani ndiyo iliamua nauli za ndege na nani aruke wapi. Oktoba mwaka huo rais Jimmy Carter akatia sahihi sheria ya kuondoa huo udhibiti. Ghafla mashirika yakawa yanapigania abiria kama matatu za CBD zinavyopigania watu jioni mvua ikinyesha. Kila mtu anashusha bei. Utamfanyaje abiria asikuhame kwa ajili ya dola kumi?

American Airlines, wakati huo rais wake akiwa Robert Crandall, walikuwa na silaha: kompyuta ya kukata tiketi inayoitwa SABRE. Wakaiuliza swali rahisi: nani hawa wanaoruka nasi mara kwa mara? Tarehe 1 Mei 1981 wakazindua AAdvantage. Ruka maili moja, tunakuandikia maili moja, zikijaa tunakupa safari. United wakajibu siku chache baadaye na mpango wao wa Mileage Plus. Wengine wakafuata, kwa sababu ungefanya nini?

Mwanzoni, maili ilikuwa maili kweli. Ilibidi ukae kwa kiti, uvuke mawingu, ule ile mikate mikavu. Kiti walichokupa kama zawadi kilikuwa kiti ambacho kingeruka tupu hata hivyo. Kwa hiyo hapo, kusema ukweli, mbuzi hakuwa mkubwa.

Siku maili iliposhuka kwa ndege

Kitu kilibadilika mwaka 1987. American na Citibank wakatoa kadi ya mkopo inayokupa maili ukinunua chochote. Viatu, dawa, petroli, chochote. Kuanzia hapo haukuhitaji kuruka ndio upate maili. Ulihitaji kutumia pesa.

Watu wengi hawajui mchezo unavyochezwa, kwa hivyo skiza. Shirika la ndege halikupi maili za kadi. Linaiuzia benki maili hizo, kwa pesa taslimu, mamilioni kwa mabilioni. Benki ndiyo inakupa wewe. Shirika limepata pesa leo kwa kiti ambacho labda utakikalia mwaka ujao, labda hutakikalia kamwe, na ni lenyewe litakaloamua kiti hicho kina bei ya maili ngapi.

Hebu rudia hiyo sentensi ya mwisho. Ni kama mtu achapishe noti zake, akuuzie, halafu yeye huyo huyo aamue kila asubuhi mkate ni noti ngapi.

Na noti zilichapishwa. Mwaka 2005 jarida la The Economist lilikadiria kwamba maili ambazo watu duniani walikuwa nazo bila kuzitumia zilikuwa na thamani kuliko noti zote za dola zilizokuwa mikononi mwa watu. Halafu ikaja korona mwaka 2020. Ndege ziko chini, hakuna abiria, na mashirika yanahitaji mkopo. Waliweka nini rehani? Mpango wa maili. United walikopa dola bilioni 6.8 kwa dhamana ya MileagePlus, mpango ambao wao wenyewe waliukadiria kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22. Hiyo ilizidi bei ya kampuni nzima kwa soko la hisa wakati huo. Delta wakakopa bilioni 9 kwa SkyMiles. Yaani kwa macho ya wakopeshaji, ndege zenyewe zilikuwa kama kibanda, na biashara ya kweli ni maili.

Sasa, mbuzi ni wa nani?

Nilimpigia Anti nikamuuliza swali la shosho vizuri. Akasema, "Si benki inalipa?" Ni kweli, lakini benki inatoa wapi?

Inatoa mahali pawili.

Pa kwanza ni dukani. Ukilipa dola 100 kwa kadi Marekani, mwenye duka hapokei 100 zote. Karibu dola mbili zinakatwa, na sehemu kubwa inaenda kwa benki iliyotoa kadi yako. Kadi zenye zawadi nono kwa kawaida hukata zaidi. Mwenye duka si mjinga, anaweka hiyo gharama kwa bei ya kila kitu, kwa kila mtu. Kwa hivyo yule mama anayelipa maziwa kwa noti, asiye na kadi wala maili, analipa bei ile ile. Mwaka 2010 wachumi wa tawi la benki kuu ya Marekani huko Boston walipiga hesabu hiyo. Wakapata kwamba kwa wastani familia inayolipa kwa pesa taslimu inatoa dola 149 kwa mwaka zinazoishia kwa wenye kadi, na familia ya wenye kadi inapokea dola 1,133. Ulaya waliliona hilo, na mwaka 2015 wakaweka kikomo: ada hiyo isizidi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi. Ndiyo maana kadi za Ulaya hazina zawadi kubwa kama za Marekani. Mbuzi akifungwa kamba, nyama inapungua.

Pa pili ni riba. Kuna watu wanalipa kadi yote mwisho wa mwezi, na kuna watu wanaobeba deni. Wanaobeba deni ndio wanalisha meza.

Waliomshinda mwenye mchezo

Nisiwe mnafiki. Kuna watu wameushinda huu mchezo, na stori zao ni tamu.

Mwaka 1999 injinia mmoja wa California aliona kampuni ya chakula inatoa maili kwa anayetuma nembo za bidhaa zake. Akatafuta bidhaa ya bei ya chini kabisa, akapata vikombe vya pudini. Akanunua zaidi ya 12,000, kwa kama dola 3,000. Kazi ya kubandua nembo ikamshinda, akapeleka pudini kwa shirika la kanisa linalolisha maskini: nyinyi chukueni chakula, mnisaidie kubandua. Akapata maili zaidi ya milioni moja na robo, na familia yake ikaruka nazo. Sinema ya 2002, Punch-Drunk Love, ilichota kutoka kwa kisa hicho.

Halafu kuna wale wa sarafu. Kuanzia 2008 serikali ya Marekani ilitaka watu watumie sarafu za dola moja, ikaziuza kwa bei ile ile ya dola moja, bila ada ya kuzisafirisha, na ikakubali kadi. Wajanja wakaagiza masanduku kwa masanduku, wakapeleka sarafu moja kwa moja benki, wakalipa kadi kwa pesa hizo hizo, wakabaki na maili. Mwaka 2011 serikali ikakataza kadi.

Lakini angalia hawa washindi wanafanana wapi. Walikuwa na pesa ya kuanzia, walikuwa na muda, na hawakubeba deni hata siku moja. Ukikosa kimoja kati ya hivyo vitatu, mchezo unakugeukia.

Viti saba

Rudi kwetu. Anti alikuwa na 350,000. Tiketi ya kwenda na kurudi, Nairobi hadi Texas, ilikuwa maili 80,000 kwa mtu mmoja. Mara saba ni 560,000. Alikosa 210,000.

Basi akachukua kadi mbili mpya. Kila moja ilikuwa inasema: tumia dola kadhaa kwa miezi mitatu, tutakupa maili 75,000. Sisi huku tunashangilia kwa kikundi cha WhatsApp. Binamu ameshanunua miwani. Mimi nimeshapanga video kumi na mbili.

Mwezi wa pili Anti akaanza kutafuta viti, na tukajifunza sheria ambayo hakuna tangazo la kadi litakuambia: maili ni nyingi, viti vya maili ni vichache. Shirika linaachilia viti viwili, vitatu, labda vinne kwa kila ndege. Ukitafuta watu saba kwa mpigo, mtambo unasema hakuna, au unawapa wote saba bei ya kile kiti cha juu kabisa. Ukitafuta wawili, ghafla viti vinatokea. Kikundi kinaadhibiwa kwa kuwa kikundi. Linganisha na Mboya: kwake, wingi ulishusha bei. Huku, wingi unaipandisha.

Dawa yake ni kujigawa. Wawili leo, watatu kesho, wengine kwa shirika rafiki. Lakini ni nani atampeleka shosho peke yake kwa uwanja wa ndege wa Ulaya kubadilisha ndege usiku? Tukabishana wiki tatu. Tulivyokuwa tunabishana, bei ikapanda kutoka 80,000 hadi 110,000. Hakuna aliyetuuliza. Zamani mashirika mengi yalichapisha jedwali: safari hii, maili hizi. Delta waliliondoa lao 2015, United 2019, na sasa kwa mengi bei inaelea kama bei ya nyanya.

Piga hesabu hii, itakusaidia siku moja. Tiketi ya pesa ilikuwa dola 1,300. Toa kodi ambazo ungelipa hata kwa maili, kama 100. Zinabaki 1,200. Gawanya kwa maili 80,000, kila maili ina thamani ya senti moja na nusu. Gawanya kwa 110,000, ni senti 1.1. Maili za Anti zilipoteza zaidi ya robo ya thamani zikiwa zimelala, na yeye akiwa zamu ya usiku anabadilisha shuka za mzee wa watu.

Halafu mwezi wa tatu binti yake akanipigia. Si Anti, binti. Akaniambia mama hajalala. Ili afikishe kiwango cha zile kadi mbili alinunua friji ambayo hakuhitaji, akalipia matengenezo ya gari, akawanunulia watu vitu kwa kadi wamlipe baadaye. Wengine hawajamlipa. Kulikuwa na dola 6,000 kwa kadi, kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Hiyo ni dola 120 kila mwezi, riba tu, deni lenyewe halijaguswa.

Weka hizi mbili kando kwa kando. Dola 1,000 ukizitumia kwa kadi ya kawaida zinakupa maili 1,000, yaani kama dola 15. Dola 1,000 ukizibeba kama deni mwaka mzima kwa riba hiyo zinakula dola 240.

Nikakaa kwa kitanda nikaelewa. Shosho aliuliza mbuzi ni wa nani. Mbuzi alikuwa Anti.

Tulichofanya

Nilitaka kunyamaza, nisiwe yule mtu wa kuharibu sherehe. Kusema ukweli nilitaka kwenda. Sijawahi kuona mtu wa familia yetu akivaa joho, mimi mwenyewe sikulivaa, na nilijiambia nikisimama pale nyuma ya wazazi wengine labda kitu ndani yangu kitatulia.

Lakini nikaandika kwa kikundi. Nikaweka hesabu yote, bila kumtaja binti. Kimya cha saa nzima. Halafu mathe, ambaye huwa hatumi kitu isipokuwa maombi ya asubuhi, akaandika: "Mimi na mama twende. Wengine mbaki. Zitakazobaki Anti akae nazo. Na hiyo miwani iuzwe."

Shosho na mathe walipata visa. Hapa lazima niseme jambo zuri kuhusu maili: mashirika mengi ya Marekani, tangu 2020, yanakurudishia ukifuta safari, bila ada. Kwa Mkenya anayesubiri ubalozi useme ndiyo au hapana, hiyo ni afadhali kubwa kuliko tiketi ya bei nafuu isiyorudishwa. Wawili hao walipata viti vyao kwa urahisi, ndege moja, 110,000 kila mmoja. Zilizobaki ziko kwa jina la Anti.

Sisi tuliobaki tukafanya kile ambacho watu wetu walifanya 1960. Tukachanga. Si mbuzi, M-Pesa. Anko akatoa, binamu wakatoa, mimi nikatoa pesa za tangazo moja nililokuwa nimelipwa. Hazikumaliza deni, lakini zilipunguza kadi yenye riba mbaya zaidi, na ile nyingine Anti anaimalizia polepole. Kadi zote mbili amezikata kwa makasi, akatutumia picha.

Siku ya mahafali nilitazama kwa simu, saa sita usiku, ushago, mtandao unakatikakatika. Nilimwona shosho ameketi kwa kiti cha plastiki, kitambaa kichwani, akipiga vigelegele kabla jina halijaitwa. Walimtuliza. Akapiga tena.

Kwako wewe unayesoma

Najua mtaani sasa kuna wasee wanaonyesha video za viti vya kulala kwa ndege, ati "nimelipa dola tano tu." Kadi za mkopo zinazidi kuuzwa hapa Nairobi, na zawadi zake pia. Kenya Airways wana mpango wao wa Asante Rewards. Na wewe mwenyewe uko kwa huu mchezo tangu zamani, kwa sababu Bonga Points ni maili bila ndege: pointi moja kwa kila shilingi kumi unazotumia, na aliyezitoa ndiye anaamua zinanunua nini.

Sisemi usichukue. Nasema ujue historia yake. Maili ilianza kama shukrani kwa aliyeruka sana, ikawa bidhaa ya kuuziwa benki, ikawa dhamana ya mabilioni. Katika kila hatua kulikuwa na mtu anayelipa, na kila hatua ilimficha zaidi. Ukiwa unalipa kadi yako yote kila mwezi, ukiwa ungenunua hicho kitu hata bila maili, na ukizitumia mapema kabla hazijashuka thamani, basi endelea, kula. Usizilimbikize miaka minane ukidhani ni akiba. Akiba haibadilishiwi bei na mtu mwingine usiku umelala. Na ukitaka kuvusha watu saba, ongea na hao watu saba kwanza. Waambie kila kitu kinagharimu nini. Usimwache mmoja ajitwike peke yake kwa sababu anaishi ng'ambo na tunadhani huko pesa zinaokotwa.

Shosho alirudi mwezi wa saba. Tulienda kumpokea JKIA, watu kumi na mmoja kwa gari la watu saba. Alikuwa ameniletea kofia ya chuo cha binamu, ile ya bei ya chini ya dukani, si ya kuhitimu. Akanivisha pale pale mbele ya kila mtu.

Tulipofika nyumbani alimuita anko kando, akatoa pesa kwa kitambaa. Alikuwa amepewa na Anti za kununua zawadi, hakuzitumia zote. Akamwambia atafute mbuzi jike mdogo, amlee hapo nyumbani, akizaa auzwe, pesa zitumwe Texas.

Mbuzi yuko. Nimemwona wiki jana. Ana madoadoa, na ni wa Anti.